Betri Chumbani kwa Mama Mkwe

"Mwambie aisogeze hiyo sola mbali na kivuli cha mparachichi," Wabwile alisema.

Shemeji yake ndiye aliyekuwa juu ya paa, lakini Wabwile hakusema naye. Alisema na ua wa boma. Upande wa pili wa ua huo alisimama mkewe, Agneta, naye akainua uso na kupaza sauti: "Barasa, ati sogeza hiyo kitu, parachichi itaifunika."

"Nisogeze niende wapi? Huku mabati imeoza, bana."

"Anasema mabati yameoza," Agneta aliuambia ua.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na moja, katika kijiji kilicho juu ya soko la Chwele, wilaya ya Bungoma. Kila kitu kilichokuwa kikipandishwa siku hiyo kilikuwa kazi ya mikono ya Wabwile. Dainamo ilitoka kwenye lori bovu, naye akaifuma upya waya kwa waya juu ya meza yake huko Kipsongo, Kitale, kwa muda wa wiki sita. Mapanga matatu ya kukamata upepo aliyachonga kwa mbao za saipresi. Mkia wa kuyaelekeza aliukata kwenye pipa la mafuta. Kipande kidogo cha sola alikipata kwa kubadilishana na mashine yake ya kuchomelea vyuma, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mtu angetegemea kumwona fundi wa namna hiyo juu ya paa, koleo mkononi.

Lakini nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Nekoye. Mkwe wa Kibukusu hapandi juu ya paa ambalo mama mkwe analala chini yake. Haingii nyumbani mwake, hamtazami usoni, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo fundi alisimama nyuma ya ua kama mdeni aliyekatazwa dukani, na aliyekuwa juu ya paa ni Barasa, ambaye hakuwahi kufunga hata soketi ya redio. Watu wazima walipita, wakatazama, wakaona ni sawa kabisa. Hakuna aliyecheka.

Mlingoti wa mapanga, kwa bahati, ulisimamishwa mbali kidogo na nyumba, karibu na shamba la ndizi, na huo Wabwile aliusimamisha mwenyewe Nekoye alipotumwa kwa jirani. Ikabaki betri.

"Itakaa wapi hii?" aliuliza mzee Khaemba. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu baba yake Agneta, na tangu ndugu yake afe, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika boma hilo.

"Mzee, nilifikiria jikoni," Wabwile alisema. "Hii kitu inatoa hewa mbaya. Na inataka kuangaliwa angaliwa."

"Jikoni hakuna mlango. Mwalimu wa pale kwa balabala si aliibiwa yake Disemba? Hapana. Iende chumbani kwa mama yenu, chini ya kitanda. Mwizi gani atapita huko?"

Wanaume wakacheka. Wabwile akainamisha kichwa kitanda hicho kilipotajwa, kama ilivyompasa. Barasa naye akatazama pembeni, kwa kuwa mwana wa kiume aliyekwishatahiriwa haingii chumba cha mama yake. Hivi ndivyo kitu pekee katika boma lile kilichohitaji jicho la fundi kilivyopelekwa mahali pekee ambapo fundi hangeweza kukanyaga. Wabwile alijua. Alifungua kinywa aseme kwamba betri ile ingekuwa ikikauka, kwamba upepo wa mlimani ungeichemsha, kwamba kila baada ya mwezi au miwili mtu angepaswa kupiga magoti pale chini, kufungua vifuniko sita na kuongeza maji. Akaona jinsi maneno hayo yangesikika kutoka kinywani mwa mkwe, mbele ya wazee. Akayameza.

"Ni sawa, mzee," alisema.

Jioni hiyo Nekoye alisimama chini ya balbu akaitazama mikono yake, pande zote mbili. Mikono hiyo ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa kijiji kile, wengi wao kwa mwanga wa koroboi. Akamwita Nanyama, mke wa Barasa.

"Mwambie mkwe wangu kwamba ameniongezea macho."

Kesho yake akagawa koroboi zake zote tatu pamoja na mafuta ya taa yaliyobaki. Alifanya hivyo kwa majivuno kidogo, na nani angemlaumu?

Wabwile hakuwa amefanya kazi hiyo ili asifiwe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katika chumba chao cha kupanga Kipsongo, mwanga ukiwa koroboi moja, na mwanamke aliyesaidia hakuona kwamba kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni; mtoto akafa. Agneta aliapa kwamba akipata mimba tena atazalia mikononi mwa mama yake, wazee wapende wasipende, maana kwao msichana aliyeolewa kurudi kuzalia nyumbani si jambo la kufurahiwa. Wabwile naye aliapa kwamba mtoto huyo hatazaliwa gizani. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Na sasa mimba ilikuwepo.

*

Mara mbili za kwanza Agneta alikwenda Chwele mwenyewe na maji ya betri, maji matupu yasiyo na asidi. Aliyabeba katika chupa zilizokuwa za sharubati, ambazo Wabwile aliziosha na kubandua karatasi zake. Alingoja mama yake aende mtoni, akapiga magoti, akaongeza maji, akajifuta vumbi. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa Mei tumbo lilikuwa limekuwa kubwa, na mvua ilikuwa imeharibu njia.

"Ulimwelezea mama lakini?" Wabwile aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni pao Kipsongo akikwangua kutu kwenye kipande cha chuma. "Kwamba anafungua vifuniko, anajaza hadi pale nilikuonyesha?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Si akasema sawa. Wewe unataka aseme nini?"

"Na hakuona vibaya?"

"Wabwile, nimekuambia anajua."

Hakuwa amemwambia. Mara zote mbili alikuwa na maneno tayari, na mara zote mbili aliyaona hayana mlango wa kutokea. Angesemaje? Kwamba mkwe wako anauliza habari za chini ya kitanda chako? Mama angejua neno limetoka kwa nani, kwa maana Agneta alijua nini kuhusu betri? Alijiambia kwamba atamweleza atakapokwenda kujifungua, wakiwa wawili tu. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Wake wengi husema mkubwa kuliko huo kabla ya chai.

Basi Wabwile akajaza chupa sita, akampelekea Kiptanui, mfanyabiashara wa viazi kutoka Moi's Bridge ambaye pikapu yake ilipita Chwele kila Jumatatu ya soko.

"Hizi ni za mama ya Agneta," alisema.

"Ni nini, dawa?"

Wabwile akamtazama Kiptanui, mwanamume mwenzake, mgeni wa mbali. Haikuwezekana kumweleza huyu mambo ya kitanda cha mama mkwe.

"Ni maji tu. Sema ni mimi nimetuma. Yeye anajua."

Kiptanui alizifikisha salama na kusema alivyoambiwa. Nekoye alizipokea kwa mikono miwili. Maji, yametumwa na mkwe, kutoka Kitale, katika chupa safi namna ile. Hakuelewa ni ya nini, na hakutaka kumwaibisha mkwe wake kwa kumuuliza mchuuzi wa viazi. Akazipanga ndani ya kabati la vioo sebuleni, katikati ya vikombe vya chai ya wageni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wageni walipouliza, alisema, "Hizo zililetwa na mkwe wangu, huyu wa taa."

Upepo wa mwezi wa Juni ulikuwa mkali. Mapanga yalizunguka mchana kutwa, na watu waliopita barabarani waliyasifu.

*

Walifika katikati ya Julai, saa kumi za jioni, ndani ya pikapu ya Kiptanui, Agneta mbele na Wabwile nyuma akiwa ameishikilia baiskeli yake. Siku zilikuwa bado kumi kufuatana na hesabu ya Agneta. Alipoingia sebuleni akaona chupa sita kabatini, zimejaa mpaka shingoni.

Alisimama akizihesabu. Mama yake akadhani amechoka na safari.

"Mama," alisema, "zile chupa..."

"Nimezitunza, mwanangu. Hakuna mtu ameguza."

Agneta alitaka kuendelea, lakini uchungu ulimshika mgongoni papo hapo, akashika kiti. Nekoye akamtazama mara moja tu, kwa jicho la kazi, akamwita Nanyama akatandike chumbani.

Wabwile alikuwa nyumbani kwa Barasa, hatua hamsini kutoka hapo, ambako mkwe anaruhusiwa kuketi. Kufikia saa moja kasoro robo giza likaanza kuingia, na balbu ikawashwa chumbani kwa Nekoye. Wabwile aliona dirisha. Mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Akasimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Barasa. Hiyo taa imekuwa hivyo tangu lini?"

"Inakuwanga hivyo siku hizi. Wiki tatu, mwezi. Saa zingine inazima mapema. Tulisema labda imezoea."

"Na hamkuniambia?"

"Kwani inaharibika? Si inawaka?"

Saa moja na robo ikazima. Wabwile alimsikia Nanyama akiuliza kwa sauti koroboi iko wapi, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hakuna. Tochi ya Barasa haikuwa na mawe ya betri, na koroboi ya kwake ilikuwa kavu. Barasa akashika njia ya dukani kutafuta mafuta ya taa na kumwita Kiptanui, aliyekuwa akilala sokoni. Chumbani waliwasha magunzi ya mahindi kwenye sinia, na baada ya dakika tano wote ndani walikuwa wakikohoa.

Betri Wabwile hangeweza kuifufua, hata kama angeruhusiwa kuifikia. Alichokuwa nacho ni baiskeli, yenye taa mbele na dainamo ndogo inayosugua gurudumu. Akaikimbiza mpaka nje ya dirisha lile, akaipindua miguu juu, akaielekeza taa ndani, akageuka. Mgongo ulitazama dirishani. Akanyoosha mkono nyuma, akashika pedeli, akaanza kuzungusha.

Mwanga mweupe ukaingia chumbani.

"Mama anasema chini kidogo," Nanyama alisema kutoka dirishani.

Akaishusha kwa kupapasa.

"Mama anasema hapo umepita. Unamulika ukuta."

"Hapa?"

"Rudisha. Kushoto kwako. Hapana, kushoto yetu."

Usimcheke. Jaribu kuzungusha pedeli kwa mkono ulio nyuma yako, ukilenga mahali usipoweza kupatazama, mkeo akilia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake. Alizungusha hivyo zaidi ya nusu saa. Mkono wa kulia ulipokufa akatumia wa kushoto, na kila alipobadilisha, chumba kikaingia giza na Nekoye akangoja. Hakugeuka hata mara moja. Alijiambia kwamba hajavunja chochote na mwanga upo.

Kisha akasikia mtoto.

"Ni msichana," Nanyama alisema, naye alikuwa akicheka na kulia. Akatoka mbio na mtoto ndani ya leso, akimpeleka kwake penye moto. Wabwile akaendelea kuzungusha. Sasa alikuwa akitabasamu peke yake mbele ya migomba.

"Wabwile," sauti ilisema. "Ingia na hiyo taa."

Aliisikia vizuri, na aliijua ni ya nani. Katika miaka mitano sauti hiyo haikuwahi kumwambia yeye neno moja, na mazoea ya miaka mitano yakafanya kazi yake. Alingoja. Alingoja Nanyama amletee ujumbe: Mama anasema uingie. Nanyama alikuwa mbali, penye moto, na mtoto. Wabwile alizungusha pedeli, akangoja, akazungusha, mwanga ukicheza ukutani.

"Wabwile. Ni mimi naongea na wewe. Sioni damu inatoka wapi. Ingia."

Akaibeba baiskeli. Gurudumu liliposimama kila kitu kilikuwa giza, naye hakuwahi kuingia nyumba ile, hakujua milango yake. Alijigonga kwenye kiti, akagonga kabati, vikombe vikalia ndani. Alipofika chumbani na kuipindua tena baiskeli na kuizungusha, aliona yote ambayo mgongo wake ulikuwa umemkinga asiyaone. Damu ilikuwa imepenya mkeka. Nekoye alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ikifanya kazi, na hakujifunika uso wala hakugeuka.

"Mulika hapa," alimwambia. "Hapa. Usitetemeke."

Barasa alirudi na chupa ya mafuta ya taa. Kiptanui alileta pikapu mpaka mlangoni. Wakamlaza Agneta juu ya magunia, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, wakaenda kwa kasi yote ambayo njia ile iliruhusu. Alifariki kabla hawajafika njia panda ya Kanduyi. Wabwile alikuwa amemshika mguu na aliendelea kuushika mpaka hospitalini Bungoma.

*

Walimzika nyumbani kwa kina Wabwile, karibu na Webuye. Wiki moja baada ya mazishi Wabwile akaendesha baiskeli mpaka Chwele kwenda kumchukua mwanawe. Dada yake alikuwa akinyonyesha na alikubali kumnyonyesha na huyu. Wabwile akakuta wazee wameketi uani, kiti chake kimewekwa mbali kidogo, upande wa ua.

"Mkwe, tunajua una uchungu," mzee Khaemba alianza. "Lakini kuna jambo haliwezi kulara. Uliingia chumba cha mama mkwe wako. Ukamwona katika hali ile. Utaleta kondoo."

"Nitaleta."

"Hakuna mtu anasema ulifanya kwa ubaya."

"Nimesema nitaleta, mzee."

"Na hiyo mitambo?" mzee mmoja aliuliza. "Tuliambiwa inaleta taa. Ilienda wapi hiyo taa siku ya kazi?"

"Muulize fundi," Barasa alisema, akitazama chini. Alikuwa amemlilia dada yake mpaka sauti ikakauka, na alihitaji mtu wa kumkasirikia. "Mimi nilifunga vile niliambiwa."

Wabwile alikuwa na jibu. Kwa siku zote hizo alikuwa amelitengeneza kichwani, tangu waliporudi kutoka Bungoma usiku ule, Nanyama akaitoa betri nje, naye akayaona mabamba yake makavu kabisa kwa mwanga wa pikapu. Angewaambia ni nani aliyeipeleka betri chini ya kitanda. Angeuliza chupa sita zilikwenda wapi. Angewauliza ni adabu gani hii inayomwacha mtu afe ili isiguswe. Akavuta pumzi.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa na Nekoye akatoka. Alikuwa amekonda. Alikuwa amezikumbatia chupa zote sita kifuani, akapita mbele ya wazee bila kuinamisha uso, akaja mpaka kwenye kiti cha mkwe wake. Mzee Khaemba akakohoa. Nekoye hakumsikia.

"Yule mwalimu aliyeibiwa betri yake aliniambia jana kwamba betri hunywa maji," alisema. Alimtazama Wabwile usoni. "Ni haya?"

Nanyama alikuwa mlangoni na mtoto.

Wabwile alizitazama zile chupa, zilivyofutwa vumbi. Akaona kwamba mama huyu alikuwa amezihesabu usiku na mchana, na kwamba neno moja lingetosha kumvunja. Ndiyo. Ni hayo. Ulikuwa nayo kabatini miezi miwili. Lilikuwa neno la kweli. Na Agneta, aliyesema amemweleza mama, hakuwepo kujitetea.

"Hapana, Mama," alisema. Hata yeye sasa alikuwa akisema na mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, tena mbele ya watu. "Hayo ni ya kunywa. Nilisikia mvua imechafua mto wenu."

"Na betri?"

"Betri niliiunganisha vibaya. Ni makosa yangu mimi."

Nekoye hakuondoa macho kwake. Kisha mabega yake yakashuka polepole, na akaketi palepale chini, chupa zikiwa mapajani.

"Mmesikia wenyewe," mzee Khaemba alisema. "Amekubali kwa kinywa chake. Basi si kondoo tena, ni ng'ombe. Na huyu mtoto hatatoka hapa. Mtu ameshindwa kuwashia mke wake taa, atalea mtoto mchanga namna gani? Atakaa na nyanya yake. Ukitaka kumwona, utatuma mtu kwanza."

Barasa akatikisa kichwa kukubali. Wazee wengine pia. Wabwile alimtafuta mtu mmoja wa kumtazama, na wote walikuwa wakitazama mahali pengine, kwa adabu.

"Sawa, mzee," alisema.

"Nanyama," Nekoye aliita. "Njoo uchukue haya maji, ni safi. Yapashe moto tumwogeshe mtoto."

Nanyama akamimina chupa ya kwanza katika sufuria, halafu ya pili, mpaka zote sita zikaisha. Wabwile akawaaga wazee, mmoja mmoja, akaenda kuichukua baiskeli yake.